Mtungi Uliorudi na Rangi Mpya

Kazini walimwita Kambale, kwa sababu riziki yake ilikuwa topeni. Kila bomba kubwa la kuvutia maji ya mji lilipozibwa na magugu, nailoni na matambara, yeye ndiye aliyeshuka chini ya bwawa na mtungi wa hewa mgongoni, akapapasa kwenye vyuma vya kuchujia, akang'oa uchafu kwa mikono mpaka maji yakaanza kupanda tena. Huko chini huoni hata kiganja chako. Unabaki na vidole na pumzi tu. Vidole alijaliwa. Pumzi aliipata kwa shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa na duka la vifaa vya kuzamia karibu na gati, na hapo ndipo palipokuwa na mashine pekee ya kujazia mitungi katika mji ule. Watu walimwita Fundi Hewa. Walimtania kwamba anauza kitu kisichoonekana na bado wateja wanarudi kushukuru. Kaunta ilikaliwa na Mama, mama mzazi wa Fundi na wa mume wa Kambale. Alikaa hapo tangu alipofiwa na mumewe, na hakuna aliyewahi kumwona akiegemea kiti.

Wote waliishi nyumba moja, ya Mama. Chumba cha Kambale na mumewe kilipakana na cha Fundi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa jina tu. Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole.

Mtungi wa Kambale ulipofikia wakati wake wa kupimwa na kufanyiwa huduma, aliupeleka dukani kama kawaida. Ulikwenda ukiwa wa kijivu, umechubuka kila upande kama kiatu cha fundi mwashi. Ulirudi wa njano. Mumewe ndiye aliyeubeba kutoka dukani. Akautua barazani na kurudi nyuma kidogo kuutazama.

"Umeona kaka alivyokufanyia? Kakupakia na rangi. Bure kabisa."

"Mimi sikuagiza rangi," Kambale akasema.

Alichuchumaa akaupapasa, uso kageuzia pembeni, kama alivyozoea majini. Vidole vilipanda taratibu mpaka begani mwa mtungi, pale chuma kinapoanza kukusanyika kuelekea shingoni. Hapo vikakuta sehemu laini kupita kiasi. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chini yake ikatokea puti, ile ya kuzibia mabodi ya magari, na chini ya puti bonde la ukubwa wa kijiko. Akatazama valvu, kile kifungio cha hewa shingoni. Nayo ilikaa upande kidogo sana, kama kofia ya mlevi anayejitahidi aonekane mzima.

"Huu umeanguka," akasema. "Na umeanguka vibaya."

"Nani kakwambia?"

"Shika hapa."

Mumewe hakushika. Aliangalia mlango wa kaka yake, kisha akashusha sauti. "Sasa unataka nifanye nini? Nimgongee nimwambie mke wangu anakuita mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema umeanguka."

"Ni kachuma tu, mke wangu. Tusije tukagombana ndani ya nyumba kwa ajili ya kachuma."

Asubuhi Kambale alimkuta Fundi uani, anapiga mswaki. Alimwamkia, akamwuliza kwa adabu kama mtungi ule ulipata ajali yoyote dukani. Fundi alisukutua kwanza, akatema, akajifuta mdomo bila haraka.

"Shemeji, ule mtungi ulikuja na kovu lake. Mimi nimekusitiri. Ningekuwa mtu mwingine ningekwambia nenda katupe."

"Haukuwa na kovu, shemeji. Naujua kama ninavyojua goti langu."

"Basi goti lako limezeeka." Akacheka, akaingia ndani. Alipopita mlangoni bega lake lilijigonga kwenye fremu, akautukana mlango.

Kambale angenyamaza kama si simu ya msimamizi wake. Vyuma vimeziba tena, msimamizi alisema, mitaa ya juu haina hata tone, watu wanapiga simu kutukana. Ashuke kesho. Kambale alipomweleza kwamba mtungi wake una walakini, msimamizi akauliza, "Si umetoka juzi kufanyiwa huduma? Tena kwa ndugu yako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi niwaambie wakubwa nini? Kwamba ndugu yako hajui kazi? Au kwamba wewe siku hizi unaogopa maji?"

Jibu lolote lingemchoma mtu mmoja au mwingine. Akienda majini, anabeba mgongoni kitu asichokiamini. Asipokwenda, lazima aseme kwa nini, na kusema kwa nini ni kulichafua duka linalowalisha wote. Kupeleka mtungi kwingine haikuwezekana, maana kwingine hakukuwepo. Jioni hiyo Mama alimwita jikoni akamwomba amsaidie kuchambua mchele.

"Nimesikia," Mama akasema hatimaye, macho kwenye ungo. "Mimi sijui mambo ya mitungi, mwanangu. Ninachojua ni kwamba duka likipata jina baya, jina hilo litatukuta wote hapa hapa tulipo. Hata wewe. Shemeji yako ana watoto. Litazame hilo pia."

Hakumkemea wala kumtisha. Alizungumza kwa upole, na upole wa Mama ulikuwa kama mlango unaofungwa bila kelele: unashtukia tu umo ndani.

Kesho yake Kambale alimpigia msimamizi akaomba nusu siku. Akaubeba mtungi, umejaa hewa vilevile ulivyorudi, akaenda nao dukani. Angeweza kuumwaga nyumbani, lakini alijua Fundi atasema ameuchezea. Alitaka jambo moja tu: umwagwe mbele yake, valvu ifunguliwe mbele yake, na wote wawili watazame meno ya shingo yanayoshikilia valvu yalivyo. Meno yakiwa mazima, ataomba radhi na kushuka majini. Yakiwa mabovu, basi, mengine yatajulikana.

Mama alikuwa kaunta. Aliuona mtungi, akamwona aliyeubeba, akarudi kupanga miwani ya kuzamia ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

"Yuko nyuma," akasema.

Chumba cha kujazia kilikuwa kirefu na chembamba kama ushoroba. Kilikuwa na mlango mmoja. Mwisho wake, ukutani, ilikaa kompresa, ile mashine ya kujazia, na juu yake dirisha dogo lenye nondo, maana vibaka walishaingia hapo wakaondoka na mipira ya kupumulia. Upande mmoja kulikuwa na rafu ya vyuma iliyosimamisha mitungi ya wateja. Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameizima mashine. Chumba kilinuka mafuta ya moto, na joto lake lilikaa juu ya ngozi.

"Shemeji, naomba tuufungue," Kambale akasema. Aliutua mtungi katikati ya chumba, akasogea upande wa ndani kwenye taa. "Tuutoe hewa, tutoe valvu, tuangalie. Nikikosea nitakuomba radhi mbele ya Mama."

"Yaani umenibebea mpaka hapa."

"Nimekubebea."

Uso wa Fundi ulibadilika. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha ilipomwisha alibaki kama hajavaa kitu. Alinyakua spana kubwa mezani. "Hii valvu imekaa sawasawa. Unataka uthibitisho? Ngoja niikaze tena mbele yako uone kama itasogea."

"Usikaze! Shemeji, umejaa huo!"

Alikuwa ameshainama. Spana ilikosa mara ya kwanza, ikateleza, ya pili ikakamata. Akavuta. Kulitoka sauti ndogo kavu, kama mtu aliyevunja mfupa wa kuku. Halafu ikaanza nyingine, nyembamba, ndefu, isiyokoma. *Ssssss.* Haikutoka kwenye mdomo wa valvu. Ilitoka shingoni.

Fundi aliachia spana akaruka nyuma, na mguu wake ukaugonga mtungi. Ulianguka polepole kama mtu aliyechoka, ukagonga sakafu, ukajizungusha nusu, ukatulia umelala katikati ya njia, valvu ikitazama mlangoni, kitako kikiwatazama wao.

"Nyuma ya mashine," Kambale akasema. "Taratibu. Usikimbie."

Walijipenyeza nyuma ya kompresa, mahali pa mtu mmoja mwembamba. Chuma kilikuwa bado cha moto. Maisha yao yote walikuwa wamepeana nafasi ya heshima, na sasa wamebanana bega kwa bega kama nguo sandukuni.

"Samahani, shemeji," Fundi akasema, kwa mazoea tu.

"Tulia."

"Tutoke basi. Turuke juu yake, tufike mlangoni."

"Ukiruka, unapita mbele ya valvu. Ikichomoka wakati huo itakupitia. Na ikichomoka tukiwa hapa, valvu inakwenda mlangoni, mtungi unarudi huku kwetu kama roketi. Au unapiga hiyo rafu."

Fundi aligeuza kichwa kuelekea rafu. Mitungi yote ile ilikuwa imejaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeijaza.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja. Inavuja. Ikivuja yote, basi."

"Na isipovuja yote?"

Simu ya Kambale ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba aliuacha kaunta. Ya Fundi ilikuwa kaunta pia, kwenye chaji. Sauti ile nyembamba iliendelea, na kila ilipobadilika kidogo, ikashuka au ikapanda, Kambale aligeuza sikio kuisikiliza. Majini alishawahi kunaswa. Waya ulimshika mguu siku moja gizani, akakaa akijinasua kidole kwa kidole. Lakini kule palikuwa na kitu cha kufanya. Hapa palikuwa na kukaa.

Ndipo wakasikia viatu vya Mama.

"Nini hicho kimeanguka?" Sauti ilikuwa nyuma ya mlango kabisa.

"Hakuna kitu, Mama!" Fundi akaita. "Tunazungumza tu!"

"Mnazungumza au mnapigana?"

"Tunazungumza! Rudi kaunta, tafadhali!"

Viatu havikusogea huko nje. Kambale alimjua Mama. Kimya hicho hakikuwa cha mtu anayeondoka.

"Mwambie," akamnong'oneza Fundi.

"Atapata presha."

"Mwambie sasa hivi."

"Mama, nenda!" Fundi akapaza sauti zaidi, na ukali ule ndio ulioharibu. Hakuna mtoto wake aliyewahi kumfokea hivyo.

"Siendi popote," Mama akasema. "Watu wawili wa nyumba moja hawajifungii wakatukanana kwenye duka la baba yenu. Nafungua."

Kitasa kikashuka. Kambale alikiona kinavyoshuka, na aliuona mstari ulionyooka kutoka kwenye valvu hadi pale kifua cha mwanamke mfupi kinapofika nyuma ya mlango. Alifungua mdomo, lakini Fundi alimtangulia.

"Mama usifungue! Valvu mbovu! Nimeiharibu mimi, mtungi niliuangusha mimi, itachomoka itakuua! Toka hapo mlangoni! Toka, Mama, toka!"

Kitasa kilibaki chini, kimeshikwa. Kisha kikapanda polepole mpaka mahali pake.

"Nimetoka," Mama akasema. Sauti ilitokea pembeni, nyuma ya ukuta. "Nimesimama penye saruji. Mko wazima?"

"Tuko wazima," Kambale akajibu. "Mama, watoe wateja, ufunge duka, umpigie mwanao. Asije mtu upande huu."

Viatu vikaondoka kwa haraka ambayo Kambale hakujua kwamba miguu ile bado inayo.

Fundi aliteleza taratibu kwenye ukuta mpaka akakaa chini, magoti yamemfika kidevuni. Akaficha uso. Kambale alibaki amesimama, akiitazama ile njano ikilala pale sakafuni.

"Uliangukaje?" akauliza baadaye.

"Niliuweka mezani." Fundi alizungumza ndani ya viganja. "Nilidhani nimeuweka mezani. Meza haikuwa pale nilipoiona."

Kambale akageuka.

"Jicho la kushoto limekwisha, shemeji. Naona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa shuka. La kulia lina ukungu, asubuhi nafuu, mchana likichoka siuoni hata huu." Akanyoosha mkono wake mbele, akautazama, akauteremsha. "Mtungi ulipiga ukingo wa ngazi. Bega likabonyea, valvu ikapinda. Nikatoa, nikaweka nyingine. Nilihisi imeingia kombo. Mkono ulinambia. Nikasema nikikaza vizuri itakaa."

"Na rangi."

"Na rangi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani?" Alicheka, lakini si cheko lake. "Mama? Wanangu? Wewe ungenipa mtungi wako? Fundi asiyeona anayefunga pumzi za watu. Siku nitakayosema ndiyo siku duka linafungwa. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia mtu. Nikifika hapa mteja keshafika, nageuza ufunguo. Nimekaa humu ndani kwa muda mrefu, shemeji, hata kabla ya leo."

Kambale alitaka kumkasirikia. Alikuwa na hasira ya kutosha, aliibeba tangu siku ile barazani, lakini alipoitafuta akakuta imechanganyika na kitu kingine asichoweza kukitenganisha. Huyu mtu ndiye aliyemnunulia miwani yake ya kwanza ya majini, wakati ndugu wengine wa mumewe wakimcheka mwanamke anayelala na matope. Na huyu huyu alikuwa tayari kumwacha ashuke na valvu ile.

Kisha akafikiria jambo ambalo lilimtoa jasho upya.

"Na mingine?"

Fundi hakuinua uso.

"Shemeji. Mitungi mingine uliyoifunga macho yakiwa hivi. Iko mingapi?"

"Sijui."

"Hujui idadi, au hujui ipi ni mibovu?"

"Yote mawili. Nikifunga, yote naiona imekaa sawa. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Wote wawili waliitazama rafu. Mitungi ilisimama imejipanga, ya bluu, ya fedha, mmoja umebandikwa picha ya papa. Kambale alitambua kwamba tangu alipoingia chumbani amekuwa akiogopa mmoja tu.

Sauti ya mumewe ikatoka dirishani, juu ya vichwa vyao. Alikuwa anahema kama aliyekimbia mji mzima.

"Mko humo? Niko na jamaa ana msumeno wa chuma. Tunakata nondo sasa hivi."

"Usiguse nondo," Kambale akasema. "Msikate, msigonge. Ukuta ukitikisika na rafu inatikisika. Ondoka hapo dirishani."

"Mke wangu, siwezi kusimama tu..."

"Simama tu. Hata sisi tumesimama tu."

Hakuondoka. Kambale alisikia mgongo wake ukiegemea ukuta upande wa pili. Jasho lilimchuruzika mpaka ndani ya viatu. Kiu ikaja, ikakaa, ikawa sehemu ya chumba.

Halafu sauti ile ikakoma.

Haikufifia. Ilikata tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko ile *ssss*, maana ile angalau ilikuwa inapunguza kitu.

"Umekwisha," Fundi akasema.

"Au umejiziba. Kipira cha shingoni kinaweza kujikunja kikaziba. Hewa ikawa bado imo."

"Utajuaje?"

"Kwa kwenda."

"Nitakwenda mimi. Hili ni langu."

"Utaona nini, shemeji?"

Ilimtoka kabla hajaipima. Fundi alipokea neno hilo kama kofi. Kambale akamgusa bega, ndiyo radhi pekee aliyokuwa na nafasi ya kuomba, akajichomoa nyuma ya kompresa.

Alilala kifudifudi. Akajivuta ubavuni mwa ukuta mkabala na rafu, mbali na kitako cha mtungi kadiri chumba kilivyoruhusu, na hakikuruhusu sana. Sakafu ilikuwa na mchanga na matone ya mafuta. Katikati ya njia aligundua kwamba amefumba macho. Akaacha hivyo hivyo. Giza alilizoea.

Vidole vikagusa chuma. Kilikuwa baridi, kimetoka jasho kama glasi ya maji ya friji. Akakifuata kuelekea juu, bila kukisukuma: ubavu, puti, bonde, bega. Shingo. Mkono wake wa pili ukapata kitasa cha kufungulia hewa. Alibaki kaishika valvu kwa chini kidogo, kichwa kakiweka nyuma ya bega la mtungi, akazungusha kitasa upana wa unywele.

Hakuna kitu.

Akazungusha tena. Pumzi ndogo ikamgusa kifundo cha mkono, kama mtu anayepuliza chai. Ikaendelea hivyo, dhaifu, dhaifu zaidi. Akafungua mpaka mwisho. Pumzi ikaisha. Alingoja, akaweka shavu karibu, akangoja tena.

"Shemeji?" Fundi akaita kutoka nyuma. "Shemeji, sema kitu."

Kambale aliishika valvu kwa vidole viwili na gumba, akaizungusha. Haikuhitaji spana. Ilizunguka kidogo, ikamwangukia kiganjani, nzito na baridi. Alifumbua macho akaitazama. Meno yalikuwa yamenyolewa upande mzima. Upande wa pili yalibaki mawili matatu, yanameta, na hayo ndiyo yaliyokuwa yameishikilia tangu siku ile mtungi ulipopakwa rangi, barazani, chumbani kwake kando ya kitanda, na mapajani mwake garini alipokuwa anakuja.

Alikaa pale pale sakafuni, akasema kwa sauti, "Njooni."

Mama ndiye aliyefungua mlango. Hakumtazama mwanawe kwanza. Alimtazama Kambale, kisha kile alichokishika.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

Aliinama akakichukua, akakipima mkononi kama anayenunua kitunguu. Nyuma yake mume wa Kambale alisimama na vumbi la ukuta mgongoni, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Fundi alitoka nyuma ya kompresa akipapasa, na safari hii hakuficha kwamba anapapasa. Mama alimwona. Alimtazama akifuata ukingo wa rafu kwa vidole mpaka mlangoni, na hapo, bila mtu kumweleza, akaelewa yale ya fremu za milango, ya vikombe vilivyovunjika, na ya chumvi iliyomwagwa mezani.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Muda, Mama."

Alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti chake cha kaunta, kiti ambacho hakuwahi kumpa mtu. Kisha akamgeukia Kambale. "Tukifunga duka, tutakula nini?"

"Sijui, Mama."

"Na tusipofunga?"

Kambale aliitazama rafu kupitia mlango ulio wazi. Mama akatikisa kichwa, akaenda kushusha tena mlango wa bati.

Waliketi ndani ya duka lililofungwa, taa moja ikiwaka, Fundi akitaja wateja kwa kichwa, mume wa Kambale akitafuta namba kwenye simu, Kambale akizungumza. Mwalimu wa kuogelea alisema asante, ataurudisha. Wachimba mchanga wawili walitukana, kisha wakauliza mara ya pili kama kweli, kisha wakasema wanauacha mbali na nyumba. Mteja mwingine alisema hiyo ni njama ya kuwauzia mitungi mipya. Kila alipokata simu, Fundi alikuwa ameinamisha kichwa zaidi. Alibaki mpiga picha wa chini ya maji, yule wa mtungi wa kijani, aliyeuchukua asubuhi ile ile. Iliita mpaka ikakata. Wakapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Ana mashua," Fundi akasema. "Alisema leo maji ni maangavu."

Kambale alipiga bila kupumzika. Mama alikuwa amesimama karibu yake, amelishika bega lake kwa nguvu za kuumiza, hajui kwamba amelishika. Walipokata tamaa na mumewe keshainuka aende gatini kutafuta mashua ya kumfuata, upande wa pili ukapokea. Upepo, na mtu anayekereka.

"Nani? Nina mikono imelowa, sema haraka."

"Umeshuka majini?"

"Ndiyo nataka kushuka, nimeshavaa, wewe nani?"

"Vua," Kambale akasema. "Usiguse valvu, vua polepole, ulaze mtungi valvu itazame nje ya mashua, ukae mbali nao. Mimi ni mke wa mdogo wake Fundi Hewa. Nitakueleza yote, lakini vua kwanza."

Ulisikika mlio wa kamba za begani zikifunguliwa.

Duka halikufunguliwa tena mwezi ule, wala uliofuata. Mashine ilinunuliwa na watu wa mji mwingine walioijaribu mbele ya Mama kwa muda mrefu kana kwamba nayo ina mtoto wa jicho. Mitungi yote ilirudi, ila wa mmoja, yule wa njama, aliyeapa wake ni mzima na mpaka leo hakuna anayejua kama ni kweli. Fundi alipasuliwa jicho la kulia na anaona mpaka upande wa pili wa barabara. La kushoto daktari alisema wamechelewa.

Msimamizi alimleta mzamiaji mwingine na gari lake la vifaa. Kambale sasa husimama ukingoni mwa bwawa akimshikia kamba, kazi ya mchana kutwa juani. Mtungi mwingine hana, na hata angekuwa nao, hewa ya kuujaza iko mbali. Nyumbani bado wanaishi pale pale, ukuta ule ule. Mumewe hulala akitazama upande wa pili, si kwa hasira, ila kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Mama huzungumza na Kambale kwa upole. Chakula kimepungua na hakuna anayemlaumu kwa sauti.

Anayezungumza naye sana ni Fundi. Hukaa barazani jioni na miwani nyeusi, na akisikia hatua zake huita, "Shemeji, leo kulikuwa na nini huko chini?"

"Sikushuka mimi. Nilishika kamba."

"Haya. Na kamba ilisemaje?"

Naye hukaa kwenye ngazi akamweleza.